Mlango wa Kuinama

Nimelelewa katika baa. Haya, nimeandika. Sentensi hiyo fupi nimeikana mbele ya walimu, wachungaji, wachumba wawili na afisa mmoja wa viza, na kila nilipoikana nilifanya hivyo kwa lugha nzuri kuliko mara iliyotangulia.

Shule ya msingi nilisema Mama anauza vyakula. Sekondari nilimpandisha cheo akawa mwenye mgahawa. Nilipofika chuo kikuu alikuwa tayari yumo katika sekta ya ukarimu, na siku moja, mbele ya mama wa kijana niliyetaka anioe, niliusikia mdomo wangu ukisema kwamba mama yangu anaendesha kituo cha mikutano. Ajabu ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa uongo mtupu. Sambaza, dagaa wa ziwani, zilikaangwa. Watu walikarimiwa. Na mikutano, Mungu shahidi, ilifanyika, mingine ikaishia kwa kuvunjiana viti. Lakini mahali pale palikuwa na jina moja tu na kila mtu wa Kamembe, mji wetu wa Rwanda mpakani, alilijua: nganda. Neno hilo tulivuka nalo daraja kutoka Bukavu, upande wa Kongo, pamoja na masufuria. Ni mahali pa bia, pa nyama ya kuchoma, pa muziki na pa maneno.

Mama alizaliwa na kukulia Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda. Aliporudi katika nchi ambayo hakuwa amewahi kuishi, alikuwa mjane mwenye watoto wawili, kaka yangu na mimi, na ufundi mmoja: alijua nani anataka kukaa karibu na nani, na nani hataki kuonekana kabisa. Huo si ufundi mdogo. Kuna watu wameendesha nchi bila kuwa nao.

Alipata nyumba kuukuu kando ya barabara, duka na ghala la mfanyabiashara aliyekwisha kuondoka zamani. Ilikuwa na kuta nene za matofali ya kuchoma, baraza yenye nguzo upande wa mbele, na nyuma, kwenye kichochoro, mlango mdogo wa ghala ambao mtu mzima hakuweza kuupita bila kuinama. Alipangisha, baadaye akanunua, kisha akatafuta fundi wa kuigawa vyumba. Fundi aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, mtu wa kofia nyeupe iliyobaki nyeupe hata akishika mwiko siku nzima. Aliizunguka nyumba, akagonga kuta kwa kiganja, akauliza itakuwa nini. Mama akamwambia.

"Maman," fundi akasema, "mimi baa sijengi."

"Miye sikukuita ujenge baa. Nilikuita ujenge kuta."

Fundi akacheka. "Ni kweli, ukuta hauna dini. Lakini mjengaji anayo."

Walibishana huku wamekaa juu ya rundo la matofali, mimi nikiwa nimetumwa kuleta maji na nikijifanya sisikii. Mwishowe walikubaliana hivi: atajenga, ila chumba kimoja kitakuwa cha chai, chenye mlango wake upande wa maduka, vikombe vyake, birika lake, na chupa ya bia isivuke kizingiti chake hata ikiwa tupu. Mama alikubali upesi mno, nikashangaa. Baadaye nilielewa. Alikuwa amekwisha kuwatazama majirani zake, wafanyabiashara na mafundi wa mtaa ule, akaona kwamba watu wasiokunywa bia nao wana kiu.

"Na huu mlango mdogo wa nyuma?" fundi aliuliza. "Niupandishe?"

"Acha vile. Muntu anayekuja kwa siri, ainame kidogo."

Basi nyumba ikawa na milango mitatu. Wa mbele, wa barazani, ulikuwa wa wenye sauti: madereva, wachuuzi wa samaki kutoka kisiwa cha Nkombo waliokwisha kuuza, walimu siku ya mshahara. Wa pembeni ulikuwa wa chai. Wa nyuma, ambao wateja wenyewe waliubatiza mlango wa kuinama, uliingiza katika ujia wenye giza, ukakunja kona kushoto, ukawafikisha watu katika chumba kidogo chenye benchi mbili. Huko walikaa mashemasi, waimbaji wa kwaya, wanawake wa heshima waliotaka chupa moja ndogo bila mji mzima kujua, na mwalimu wangu wa hesabu, ambaye darasani alinitazama kana kwamba hatujawahi kuonana. Nilimlipa kwa heshima ileile.

Katikati ya yote, kama Nkombo katikati ya ziwa, ilikaa kontwari, yaani meza ndefu ya muuzaji. Ilikuwa na uwazi kila upande, na Mama akikaa kwenye kiti chake aliona vyumba vyote vitatu, huku chumba kimoja kisione kingine. Mwenye chai hakumwona mlevi. Mlevi hakumwona shemasi. Shemasi hakumwona mtu, na hiyo ndiyo bia aliyokuwa akinunua hasa.

"Hapa," Mama alipenda kusema akigonga meza, "Mungu na miye tu njo tunaonaka bote."

Kazi yangu na ya kaka ilikuwa kuosha glasi na, wakati wa likizo, kutoboa vifuniko vya chupa kwa msumari na kuvitunga kwenye uzi. Tulitengeneza pazia la vifuniko, Mama akalitundika mwisho wa ule ujia wa nyuma. Mtu akilipita ovyo lilipiga kelele kama kapu la vijiko. Mgeni alishtuka. Mwenyeji alijifunza upesi kulikusanya kwanza kwenye ngumi moja, kama anayeshika mkia wa ng'ombe, akapita, kisha akaliachia polepole lisilie. Kabla ya pazia, palepale kwenye kona ambako jicho bado halijazoea giza, kulikuwa na boriti ya zamani ya ghala iliyokatiza ujia. Mlango mtu aliuinamia kwa sababu aliuona. Boriti aliiinamia kwa sababu aliijua. Mimi na kaka tulikuwa wafupi, tulipita chini yake tukikimbia, tukisikia nyuma yetu "aah!" ya mtu mpya.

Kisha nikasoma, nikaondoka, nikasoma tena. Nilichagua historia ya majengo, somo zuri kwa mtu anayependa kutazama nyumba za wenzake. Nikapata nafasi Uingereza, na kwa ajili ya tasnifu yangu nikapewa nyumba moja kuukuu ya pombe katika mji mdogo wenye mvua. Nilijiambia kwamba nimepewa tu, kwamba mada zilikuwa zimekwisha. Mada hazikuwa zimekwisha. Kulikuwa na kanisa, kinu cha maji na daraja. Mimi ndiye niliyenyoosha kidole.

Nyumba ile ilikuwa na umri wa kutisha. Sakafu yake iliinama upande mmoja kama imesikia habari mbaya, na mbao za dari zilikuwa nyeusi kwa moshi wa vizazi. Ilikuwa na milango miwili kwa mbele, mmoja wa wafanyakazi na mmoja wa waliojiona, na pembeni kijidirisha cha kujaziwa jagi la kupeleka nyumbani. Kulikuwa na chumba kidogo mno karibu na moto, ambamo zamani walikaa wanawake na watu wa kanisa. Juu ya kaunta, usawa wa uso, vilisimama vioo vidogo vya ukungu vinavyozunguka kwenye ekseli, ili mnywaji apokee glasi yake bila muuzaji kumwona uso. Na kaunta ilikaa katikati, ikiona vyote. Nilisimama mlangoni siku ya kwanza, nimelowa hadi kwenye soksi, nikajua bila kuambiwa choo kiko wapi.

Niliandika kurasa nyingi. Nilieleza kwamba usanifu wa nyumba kama zile ni usanifu wa staha: kazi ya ukuta si kuzuia upepo tu, bali kumruhusu mtu awe na uso mmoja huku na mwingine kule. Profesa wangu, mzee mpole aliyevaa sweta lilelile majira yote, aliniuliza nimeionaje siri ya kile kijidirisha cha pembeni ambacho yeye alipita mbele yake nusu ya maisha yake.

"Ni kusoma tu," nikamjibu.

Nikapewa shahada, nikapiga picha na kofia, nikaituma picha nyumbani. Kaka aliniandikia kwamba Mama ameitundika juu ya kontwari, kati ya kalenda na bei ya brosheti, yaani mishikaki. Nilimjibu kuhusu mvua.

Sasa nafundisha, naishi Kigali, naandika makala ambazo watu wananiambia wamezipenda kabla hawajazisoma. Na hivyo ndivyo ningeendelea hadi kaburini, mtoto wa kituo cha mikutano, lau kaka yangu hangenipigia kuniambia nije nyumbani, kuna mambo ya nyumba.

Nilikwenda kwa ndege ndogo, kwa sababu barabara ya msituni ina kona nyingi mno. Nilimkuta Mama kwenye kiti chake, kaka mbele yake, na juu ya kontwari mchoro mkubwa wa rangi. Mambo yalikuwa hivi. Mji unakua, na wenye nyumba za zamani kando ya barabara ile walikuwa wametakiwa kuchagua: ama wajenge upya kwa ghorofa, ama waishawishi kamati ya mji kwamba nyumba yao inastahili kubaki na kukarabatiwa. Kaka yangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi na moyo mzuri, alikuwa amechagua ghorofa. Mchoro wake ulikuwa na vioo vya bluu kutoka chini hadi juu, na miti miwili ambayo haioti Rwanda.

"Mama atapumzika," aliniambia. "Atakuwa na chumba chake kule juu, na balkoni. Ataona ziwa lote."

"Ziwa nililiona," Mama akasema. "Sasa nikikaa pa balkoni, batu bataingia, nitajua je ni nani ameingia?"

"Mama, hutahitaji kujua nani ameingia!"

"Basi unizike tu. Kaburi nayo iko na hewa muzuri."

Kaka akanigeukia apate msaada. Nilifungua mdomo kusema jambo la busara na la katikati, aina ya jambo ambalo hunipatia mialiko. Mama akanitangulia.

"Weye si ulipata diplome ya Bazungu juu ya baa?"

Nilimtazama kaka. Kaka akautazama mti wake wa kuchora.

"Ilikuwa historia ya majengo, Mama."

"Majengo ya nini?"

"Ya... ya kukutania."

"Ya kukutania na nani? Na chupa?"

Kaka alicheka mpaka akaketi. Mama hakucheka. Alisema taratibu kwamba kama mtu anaweza kuvuka bahari akaandika kitabu kizima kuhusu nganda ya watu asiowajua, basi anaweza kuvuka baraza akaandika kuhusu hii. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia kutoka kwake, kwa kuwa Mama si mtu wa kuomba. Alisema, "Nisaidie." Akaongeza kwamba nyumba ikibomolewa hatapigana na mtu, atakwenda kwenye hiyo balkoni, lakini tusije kumwuliza anaangalia nini.

Tulikubaliana na kaka kama watu wazima. Mimi ningeandika dosie ya maombi. Kamati ikiikubali, yeye angekunja mchoro wake na kuleta mabati mapya ya paa. Kamati ikiikataa, katapila ingekuja baada ya mavuno ya maharage, na mimi ningenyamaza.

Niliandika kwa bidii ambayo sijaiweka katika jambo lolote tangu ile tasnifu. Nilipima kuta. Nilichora milango mitatu na mistari ya macho kutoka kwenye kiti cha Mama. Lakini tabia haina likizo. Mwenyekiti wa kamati, nilisikia, alikuwa mhandisi wa shule za zamani, mzee wa kanisa, mtu wa Kifaransa safi, nami nikaamua kumwandikia kwa Kifaransa. Na pale juu, mahali pa kutaja jengo ni la aina gani, kalamu ikagoma. Neno nganda lilikuwa fupi mno, lilinuka vitunguu. Nikakumbuka kwamba Waingereza, kwa adabu yao, huita baa zao za kale nyumba za watu wote. Neno zuri lililoje! Linabeba demokrasia, linabeba ukarimu. Nikalitafsiri neno kwa neno kwa Kifaransa, *maison publique*, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake, nikapeleka.

Nakala nilimwachia kaka. Alikuja kesho yake asubuhi, ameishika karatasi kwa ncha za vidole viwili.

"Dada," akasema, "wewe ulijifunza Kifaransa wapi?"

"Shule moja na wewe."

"Mimi nilikuwa nasikiliza. Unajua Wafaransa wa zamani nyumba gani waliiita hivi?"

Sikujua. Akaniambia. Akaniambia kwa Kiswahili, neno moja: danguro.

Nilikaa chini kwenye kreti ya chupa. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa kukwepa kuiambia kamati ya mji kwamba mama yangu anauza bia, nilikuwa nimeitaarifu kwa maandishi, kwa herufi kubwa, pamoja na vipimo na mistari ya macho, kwamba mama yangu mjane anaendesha danguro lenye milango mitatu, mmoja wa siri kwa ajili ya watu wa kanisa, na kwamba familia inaomba lihifadhiwe kwa faida ya vizazi vijavyo.

Kaka alitaka kunihurumia lakini uso wake haukumtii. Mama alipoelezwa, alifuta kontwari ambayo ilikuwa safi.

"Bon," akasema. "Sasa bo batakuya kuona."

Na kweli walikuja. Nimeelezwa kwamba maombi mengine yalisomwa mezani tu, lakini la kwetu kamati iliamua kulitembelea kwa miguu, wote pamoja. Walikuwa watatu: mwanamke kijana wa ramani mwenye kompyuta ndogo, bwana mmoja wa ardhi, na mwenyekiti mwenyewe, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni, uso wa mtu anayesimamia mtihani. Walisimama barazani kana kwamba sakafu ingeweza kuwachafua. Niliomba radhi kuhusu neno. Niliomba kwa lugha tatu. Mwenyekiti akasema kavu kwamba tuendelee.

Niliwaonyesha baraza na nguzo zake. Niliwaonyesha chumba cha chai, ambako wafanyabiashara wawili wa mtaani waliinua vikombe vyao kwa salamu, na mmoja akaapa kwamba tangu chumba kijengwe hajawahi kusikia hata harufu. Yule wa ramani aliandika. Wa ardhi alipigapiga ukuta. Mwenyekiti hakuandika kitu, alitazama saa. Nikaona nyumba ikiondoka mikononi mwangu, tofali kwa tofali, na Mama kwenye kiti chake akiona kila kitu kama kawaida.

Nilikuwa nimebakiza kichochoro. Nikawazungusha nyuma, nikasimama mbele ya mlango mdogo, nikaanza mhadhara. Nilisema kuhusu staha. Nilisema kuhusu Uingereza. Tukainama wote, tukaingia gizani, mimi mbele, nikitembea nimegeuza shingo ili wasipoteze hata nukta moja ya fikra zangu, na nilikuwa nasema, naikumbuka sentensi yenyewe, "mtumiaji wa nafasi hii anahitaji maarifa ya mwili ambayo hayaandikwi popote," boriti iliponipata juu ya jicho.

Niliona mwanga mwingi kwa ujia wenye giza. Nyuma yangu nikasikia pigo la pili na yule bwana wa ardhi akimwita mama yake. Kisha pigo la tatu, jepesi, na kompyuta ikianguka. Nikangoja la nne.

La nne halikuja. Mwenyekiti alitupita sisi watatu tuliokuwa tumeshika vichwa. Kwenye kona aliinama, si sana, kadiri ileile inayotakiwa, bila kupunguza mwendo. Aliinuka upande wa pili. Mkono wake wa kushoto ukatangulia, ukalikusanya pazia la vifuniko kwenye ngumi moja, akapita, akaliachia polepole. Halikulia.

Hapo ndipo aliposimama. Nadhani mwili wake ulikuwa umefika kabla yake, na sasa yeye mwenyewe alikuwa amewasili. Alibaki katikati ya kile chumba kidogo, mgongo wake ukitutazama, masikio yameiva. Yule wa ramani alimtazama, akanitazama mimi, akaanza kutafuta kompyuta yake sakafuni kwa bidii ya pekee. Ng'ambo ya uwazi wa kontwari, Mama alikuwa ameketi.

Neno lake moja lingetosha. Angeweza kusema, "Papa, siku nyingi." Angeweza kutabasamu tu, na nyumba ingekuwa yake kwa deni la aibu, au ingekuwa vumbi kwa hasira ya aibu. Mimi, kwa elimu yangu yote, ningetabasamu.

Mama aliinuka, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Karibu, Papa. Naona ni mara yako ya kwanza huku kwetu. Ikala pa benchi, nikuelezee nyumba."

Mwenyekiti akageuka taratibu. "Asante, Maman," akasema. "Ndiyo. Ni mara ya kwanza."

"Inaonekana. Lakini uko na bahati, kichwa yako iko na akili ya kuzaliwa." Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa natoa damu kidogo. "Musamehe mutoto wangu. Alisoma mingi, akasahau kuinama."

Yule bwana wa ardhi alicheka wa kwanza, huku bado ameshika paji. Msichana wa ramani akafuata. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, na kicheko chake kilitoka mbali, kikamlazimisha aketi, na alipoketi alikaa kwenye benchi ya ndani, pembeni, mahali palipo laini kuliko pengine kwa kukaliwa miaka mingi na mtu mmoja. Mama aliwaletea chai. Aliwaeleza nyumba kwa dakika chache na kwa maneno machache, akionyesha kwa kidole: pale banaona hivi, huku habaonekane, hapa Mungu na miye. Ilikuwa tasnifu yangu yote bila tanbihi. Nilikaa pembeni nimebandika kitambaa cha barafu usoni, nikiwa na wivu wa kitaaluma.

Walipoondoka, kaka alisema tumekwisha.

"Mmemwaibisha mbele ya vijana wake. Mtu wa namna hiyo? Mzee wa kanisa? Ataitaka nyumba hii ifutike hata kwenye ramani."

"Nani alimwaibisha?" Mama akauliza. "Miye simujui yule papa."

"Mama!"

"Simujui. Alikuya leo, mara ya kwanza."

Na hadi leo sijapata kutoka kwake neno zaidi ya hilo. Sisi watoto wake hatujui alikunywa nini, lini, wala na nani, na mnaosoma hamtajua. Kontwari ile haina ulimi.

Tulingoja. Nilirefusha likizo yangu kwa sababu ya jeraha, ambalo lilikuwa limekwisha kupona. Asubuhi nilifagia baraza. Mchana nilihudumia. Sikuwa nimeshika trei tangu usichana, na wateja wa zamani walifurahia kuniita Docteur huku wakilalamika kwamba povu limezidi. Mfanyabiashara mmoja wa chumba cha chai aliniuliza kama Ulaya nilifundishwa kumwaga nusu kwenye kisosi. Nilitaka kujua kwa nini nilipakimbia mahali pale kwa juhudi nyingi hivyo, nikakosa sababu, ila ile ya kwamba watoto wenzangu shuleni walikuwa na mama wauguzi.

Simu yangu ililia siku ambayo kaka alikuwa amekuja kupima paa, kwa maandalizi ya lolote, alivyosema. Namba ilikuwa ngeni. Niliweka sauti nje, juu ya kontwari, ili Mama asikie. Kaka akashuka ngazini.

"Habari ya siku? Ni mwenyekiti wa kamati. Komite ilikaa." Akakohoa. "Nyumba inabaki. Mutatengeneza paa na mifereji, na ule ukuta wa kichochoro muukaze. Lakini inabaki kama ilivyo, na milango yake yote."

Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama mtu anayehisi boti imegusa nchi kavu. Kaka, ambaye alikuwa ameshindwa, alitupa tepu yake ya kupimia hewani akaidaka, akaanza kupiga vigelegele vya kike kwa sauti yake nene, na kule mbele barazani watu wasiojua habari yoyote wakavipokea.

"Kumbe mko wengi," simu ikasema.

"Tuko wote, Papa," nikasema. "Asante. Asante sana."

"Kuna kitu kimoja. Pale kwenye dosie, aina ya jengo. Yale maneno yako ya Kifaransa..." Nilisikia mtu mwingine akicheka chumbani mwake. "Yale hatuwezi kuyaacha. Kutakuwa na kibao ukutani, watoto watasoma. Tuandike nini?"

Majina yangu ya zamani yalikuja yote, kwa mpangilio, kama wanafunzi watiifu: mgahawa, ukarimu, kituo, mikutano, utamaduni. Nilimwona Mama akinitazama kutoka kwenye kiti chake kinachoona kila upande. Juu ya kichwa chake nilikuwepo mimi tena, nimevaa kofia ya shahada, kati ya kalenda na bei ya brosheti.

"Andikeni nganda," nikasema.

"Nganda tu?"

"Nganda. Ni ya mama yangu. Nimelelewa humo."

Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Ni sawa, nimeandika," mwenyekiti akasema. Kisha akashusha sauti, kama aliyekunja kona. "Na Maman, wakati wa kutengeneza, ile boriti muache palepale. Batu bameizoea."